Nyani Alivyotaka Fungu la Mapengo

— Hadithi iko mlangoni!
— Ipishe iingie!
— Imekuja na uongo wake!
— Nao ukaribie, sote hapa wenyeji!

Haya, sogeeni. Mjukuu wangu Semeni, njoo kwanza uitoe hii khanga mabegani mwangu. Sijasema nasikia baridi. Asante. Sasa tuendelee.

Hapo kale, katika bonde lenye mto mwembamba na mawe makubwa, aliishi Pimbi na mama yake. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kidogo, hana mkia. Watu wa mjini wamelifanya jina lake tusi. Ni kwa sababu hawajawahi kugombana naye.

Mama yake alikuwa amezeeka. Zamani ndiye aliyekuwa mlinzi wa ukoo. Asubuhi wenzake wakiota jua juu ya jiwe, yeye alikaa mbele yao akitazama angani. Tai akitokea tu, alipiga mbinja, fyuuu, na wote wakazama mashimoni. Sasa macho yalikuwa yamefifia, magoti yanamsumbua, na meno yalikwenda moja baada ya jingine, yakabaki mawili ya mbele ambayo kazi yake ilikuwa kupamba tu.

Pimbi alimpenda mama yake sana. Alimpenda hata akawa hampi nafasi ya kukohoa.

"Mama, usitoke, tai atakuchukua."

"Mama, usipande, utateleza."

"Mama, usitafune, nitakupondea."

Na kila akimkataza alimalizia hivi: "Ni kwa faida yako, mama." Mama yake alijibu, "Haya, mwanangu," akageukia ukutani. Pimbi akaona mambo ni shwari.

Sasa bonde lile lilikuwa na desturi yake. Kiangazi kikikaza, majani yote yakikauka, chakula laini kilichobaki kilikuwa makuyu ya mkuyu mmoja kando ya mto. Kila asubuhi Mama Tembo alikuja akautikisa mti: pu, pu, pu, makuyu yakaanguka. Kabla mtu hajaonja, yale yaliyoiva zaidi yaliwekwa kando juu ya jani pana. Hilo ndilo fungu la mapengo. Lilikuwa la wazee waliokwisha meno. Aliye mkubwa zaidi anakula kwanza, anayemfuata anakula yaliyobaki. Na kiangazi kile mzee wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, mama yake Pimbi.

Desturi ilikuwa na miiko yake pia. Ni aibu kubwa kumwambia mzee afungue mdomo mhesabu mapengo. Akisema ni mzee, basi ni mzee. Na mzee haachwi peke yake. Anayekula fungu la mapengo lazima awe na wa kumtunza.

Haya, akaja Nyani. Dume hilo, mabega mapana, meno ambayo hata chui aliyafikiria kwanza kabla ya kupita. Alikula makuyu yake, akala na ya wake zake, akashiba mpaka akapumua kwa shida, na bado macho yalikuwa kwenye yale laini juu ya jani.

Asubuhi moja wanyama wakasikia ko, ko, ko. Nyani huyo anakuja na fimbo. Mgongo kaupinda, midomo kaikunja ndani, kichwani kajipaka majivu kuwa ndiyo mvi.

"Mbona hamniamkii?" akasema kwa sauti ya kutetemeka. "Siku hizi adabu hakuna kabisa."

Wanyama wakatazamana. Jana tu walimwona akiruka mto.

"Shikamoo," akasema Swala kwa shida.

"Marahaba. Mimi ni mzee kuliko wote hapa. Mkuyu huu nimeukuta ukiwa mche. Leteni fungu langu."

Akaketi akala. Akala lote, na jani akalilamba. Mama Tembo alikunja mkonga wake tu. Mwiko ni mwiko.

Kesho yake vilevile. Kesho yake tena vilevile. Mama yake Pimbi akabaki na majani makavu, ambayo hata yakipondwa kutwa nzima yalimkwaruza koo. Akaanza kukonda. Siku moja Pimbi alimwinua ili amgeuze upande, akamwona mwepesi mno, na hofu ikamshika. Kiangazi bado kilikuwa kirefu. Mambo yakienda hivi, mama atamfia mikononi.

Afanyeje? Kupigana na Nyani hawezi. Kumfungua mdomo ni mwiko. Akakaa juu ya jiwe akawaza, akajikuna, akawaza tena. Halafu akaukumbuka ule mwiko mwingine, akacheka peke yake.

Asubuhi, ko, ko, ko. Nyani alipofika alimkuta Pimbi mbele ya mti, kapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Pisha."

"Babu, tumekukosea. Wewe mzee kuliko wote, na huna wa kukutunza. Wake zako wanahangaika porini, watoto wako wana mambo yao. Kuanzia leo nitakutunza mimi."

Nyani akamtazama Mama Tembo. Mama Tembo akapunga masikio.

"Ni kweli kabisa," akasema. "Anayekula fungu la mapengo haachwi peke yake. Na Pimbi ana uzoefu, anamtunza mama yake."

Nyani akaona hapa nimepata mtumishi wa bure. "Vizuri," akasema. "Anza kwa kuniletea makuyu yangu."

Pimbi akayaleta. Akachagua mawili. Akayamenya ngozi. Akaanza kutoa mbegu, na mbegu za kuyu mnazijua zilivyo, akazitoa taratibu bila haraka yoyote, Nyani anameza mate. Akayaponda, akayatia maji ya mwarobaini, akakoroga.

"Kunywa, babu."

"Nini hiki?"

"Makuyu yako. Ngozi ingekupalia, mbegu zingekukwama. Mwarobaini ni wa magoti. Ni kwa faida yako, babu."

"Na yale mengine?"

"Tumbo la mzee ni dogo, halizidishiwi. Yaliyobaki ni ya anayekufuata kwa umri." Na Pimbi akayafunga kwenye jani, akampa Swala ampelekee mama yake.

Nyani akafungua mdomo agombe, akakumbuka meno. Akaufunga. Akanywa, uso ukamkunjamana.

Jioni, jua halijatua, akashika tawi apande kulala.

"Babu, usipande. Utateleza."

"Nani ateleze? Mimi nimezaliwa juu ya mti."

"Zamani hizo, babu. Ni kwa faida yako." Akalazwa katika pango la kando ya mto, kafunikwa nyasi mpaka kidevuni.

Asubuhi akataka kutoka.

"Babu, usitoke. Jua litakuumiza kichwa."

Akaogeshwa maji ya mto. Akapakwa mafuta ya nyonyo. Akachuliwa magoti ambayo hayakuwa yakiuma, akachuliwa mpaka yakaanza kuuma kweli. Akanywa makuyu yake mawili ya mwarobaini. Akalala. Akaamshwa aulizwe kama amelala.

Lakini kilichomchosha zaidi ni wageni. Wanyama walikuja kumjulia hali, wakaketi, wakamgeukia Pimbi.

"Babu kalala vizuri?"

"Kalala."

"Uji wake kaumaliza?"

"Kaacha kidogo."

"Mimi nipo hapa," akasema Nyani katikati yao. "Niulizeni mimi. Nimekuwa mzigo wa kuni, anaulizwa aliyenibeba?"

"Leo babu ana hasira," wakasema wageni, na wakampa Pimbi pole.

Mambo yakaenda hivyo mpaka asubuhi moja, Nyani anapakwa mafuta chini ya mkuyu, ikasikika sauti ng'ambo ya mto. Bahu! Bahu! Kundi lake lilikuwa linapita, wadogo kwa wakubwa, wanakwenda kwenye mashamba ya mahindi.

Masikio ya Nyani yakasimama. "Wanakwenda kwenye mahindi."

"Waende salama," akasema Pimbi, akimfuta mafuta yaliyozidi.

"Anayewaongoza nani?"

"Kijana mmoja. Ana mabega mazuri."

"Pale ni mahali pangu."

"Palikuwa pako, babu. Sasa pumzika. Mahindi ni magumu, usitafune. Wakikuletea nitakupondea."

Nyani akasimama. Mgongo ukanyooka wenyewe. Fimbo akaivunjia kwenye lile goti bovu, ta.

"Mimi si babu yako," akasema. "Mimi si babu wa mtu yeyote hapa. Mahindi nitayatafuna kwa meno yangu, na meno ninayo, haya hapa, tazameni."

Akaupanua mdomo mbele ya bonde zima. Meno yote yalikuwepo, marefu, meupe, hakuna hata moja lililoaga.

Mama Tembo akasogea karibu akayatazama kwa utulivu. "Hakuna aliyekuuliza," akasema. "Umeonyesha mwenyewe. Basi fungu la mapengo usilisogelee tena."

Nyani wala hakusikia. Alishavuka mto, chubwi, chubwi, majivu yanampukutika kichwani.

Pimbi alirudi nyumbani na fungu lote zima, anacheka njia nzima. Akamsimulia mama yake. Akamwigiza Nyani anavyokunywa mwarobaini, akamwigiza alivyofunikwa nyasi mpaka kidevuni. Mama yake alisikiliza, kashika kuyu mkononi. Hakucheka.

"Ulipomkataza kupanda, alisema nini?"

"Alisema amezaliwa juu ya mti."

"Na mimi nimezaliwa juu ya jiwe. Na jua ulimkataza?"

"Nilimkataza."

"Wageni walipokuja walimuuliza nani?"

"Waliniuliza mimi," akasema Pimbi. Sauti ilikuwa imeanza kushuka.

Mama yake akaliweka kuyu chini. "Nyani umemtunza siku chache tu, akavunja fimbo akakimbia. Mimi umenitunza hivyo hivyo tangu masika, mwanangu. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na miguu."

Kicheko kikamwisha Pimbi. Akatazama ukuta wa pango, pale mama yake alipozoea kugeukia. Jiwe lilikuwa limelainika, limeng'aa kwa kuguswa na paji la uso wake. Pimbi akaona aibu, na uchungu ukamzidi aibu, kwa sababu yote aliyafanya kwa mapenzi.

"Nilikuwa naogopa, mama."

"Najua. Na mimi ni mzee kweli, sikujipaka majivu. Msaada nautaka, na mwaka ujao nitautaka zaidi. Ila niulize kwanza."

 Pimbi akauliza swali ambalo tangu masika hakuwahi kuliuliza. "Unataka nini, mama?"

"Jua," akasema mama yake. "Na kuyu zima, na ngozi yake. Nitalifyonza mwenyewe, hata likinichukua mpaka adhuhuri."

Wakatoka. Mama mbele, pole pole. Pimbi alinyoosha mkono amshike, akaurudisha. Akanyoosha tena, akaurudisha tena, na kuurudisha kulimpa kazi kuliko kumbeba. Walipofika pale jiwe lilipopasuka, mama yake akasimama, akanyoosha mkono mwenyewe.

"Hapa nishike."

Pimbi akamshika. Walipovuka akamwachia.

Wakaketi juani pamoja na ukoo wote. Mama alifumba macho, analifyonza kuyu lake bila haraka. Pimbi alitazama angani asipepese, huku, na huku, na kule. Mbingu tupu.

"Ndege wamenyamaza," akasema mama yake.

"Sioni kitu, mama."

Mama yake alishapiga mbinja. Ilitoka hafifu, inapita kwenye mapengo, fyuu, lakini ukoo wote uliijua na wote wakazama. Pimbi alimvuta mama yake kwenye ufa wa karibu. Kivuli kikubwa kikapita juu ya jiwe, kikazunguka, kikaenda zake.

Wakakaa humo wakisikilizana wanavyohema. Kisha ndege wakaanza tena kulia kando ya mto.

"Haya, nirudishe juani," akasema mama yake Pimbi. "Kuyu langu nimeliacha pale."

Hapo ndipo nilipowaacha.

Mnataka funzo? Funzo ni kwamba uzee ni kitu kibaya, msiujaribu. Na mzee wenu akiwaletea ubishi, mpondeeni chakula, mtieni mwarobaini, mfunikeni mpaka kidevuni, atapata nguvu za kuruka mto. Mnawaona manyani mpaka leo walivyo na afya? Ni matunzo mema ya Pimbi hayo, msitafute sababu nyingine.

Na nani huyo jikoni anamuuliza Semeni kama bibi kamaliza uji? Mwambieni bibi yupo hapa barazani. Aje aniulize mimi.

— Hadithi inaondoka!
— Isindikizeni mpaka njiani!
— Na uongo wake?
— Ubaki kwa msimulizi!
— Na utamu?
— Tumeshagawana!