Kijiko Huvua Kikizama

Kijiko huvua kikizama. Ndivyo baba yenu alivyomwambia Nekoye jana, aliposema ameacha kujifunza ushonaji baada ya wiki mbili tu, nanyi wengine mkacheka na kuniuliza mimi nyanya yenu, Kukhu, kijiko kinavua nini? Kinavua samaki. Kaeni basi, na mtu asinikatize, maana habari hii hunipandisha hasira hadi leo. Methali hii ilianzia kwangu na kwa baba yenu, kwenye gati la mashua hapa hapa Naivasha.

Marehemu babu yenu alikuwa mvuvi wa besi, yule samaki wa mdomo mpana. Besi hapendi jua. Mchana hujificha chini ya mbao za gati na chini ya mashua zilizofungwa, na wavu haumfikii humo kwa sababu ya nguzo. Basi babu yenu alichukua kijiko cha chai, akakata mpini, akatoboa tundu huku na huku, upande mmoja akafunga mshipi na upande wa pili ndoana. Kijiko kikishuka majini huyumba na kumetameta, na besi hudhani ni kisamaki kilichoumia. Vijiko vya nyumba yangu viliisha hivyo, kimoja kimoja. Wageni wakija, walikoroga chai kwa uma.

Alipofariki kilibaki kijiko kimoja, na nafasi yake gatini ikawa wazi. Makokha, baba yenu, alikuwa amemwoa binti yangu Nanjala, mama yenu, mwaka ule ule na hakuwa na kazi. Kamati ya ufuo ikampa siku tatu: akitoa besi mmoja wa saizi inayoruhusiwa, nafasi ni yake, asipotoa, itapewa mwingine. Na akikosa nafasi, angemchukua mke wake warudi kwao Bungoma. Mume nilikuwa nimemzika, na sasa mtoto wangu wa pekee angeondoka. Niliogopa sana siku zile.

Mimi nilikuwa nakaanga samaki pale ufuoni, hatua kama ishirini kutoka gatini, kwa hiyo niliona kila kitu. Makokha alitupa kijiko vizuri, kando kabisa ya nguzo, palepale penye kivuli. Lakini kabla hakijashuka hata shibiri moja, alikivuta. Akatupa tena, akavuta tena. Asubuhi nzima.

Mtauliza kwa nini sikumwambia. Ningemwambiaje? Kwetu mama na mkwewe hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na hawasemezani hivi hivi tu. Nikamtuma Nanjala.

"Mwambie mumeo aache kuvuta kama mtu anayefukuzwa. Akiache kizame."

Nanjala akaenda polepole, akaongea naye, akarudi anatabasamu.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mama anasema unatupa vizuri."

"Mimi nimesema hivyo?"

"Mama, jamani, ameamka saa kumi. Nitaanzaje kumpa maneno makali?"

Siku ya pili nilimtuma mara nne. Maneno yangu yaliondoka hapa yakiwa pilipili, yakafika kule yakiwa uji wa sukari. Makokha akanishukuru kwa mbali kwa kuinamisha kichwa, akaendelea kuvuta. Mimi nikaunguza samaki wa wateja, na nikamwita mjinga. Sikumwita kimoyomoyo.

Siku ya tatu, saa saba mchana, Mzee Gathogo, mwenyekiti wa kamati, alifika akaketi juu ya mashua iliyopinduliwa. Ilibaki saa moja. Makokha akatupa, akavuta. Hapo nikaweka mwiko chini nikapanda gatini, watu wote wakinitazama. Nilipomkaribia nikampa mgongo, nikaikabili nguzo.

"Nguzo," nikasema kwa sauti, "nina mkwe ambaye siwezi kumsemesha. Siku ya tatu hii anakimbiza kijiko majini. Muulize ana haraka ya kwenda wapi."

Kisha nikamsikia nyuma yangu, sauti ya chini.

"Nguzo, mwambie mama sina haraka. Chini humu kuna mbao za zamani na kamba za mashua. Nikikiacha kizame kitanasa na mshipi utakatika. Na hiki ni cha marehemu, tena ndicho cha mwisho. Nikikipoteza, nitaingiaje tena uani kwake?"

Wanangu, niliona aibu. Siku tatu nzima namtukana, kumbe mwenzangu ananitunzia kijiko. Hasira haikuisha, ilinigeukia mwenyewe.

"Nguzo," nikasema, "mwambie kijiko hakikukatwa ili kiwekwe kabatini. Kijiko huvua kikizama. Kikinasa, kinase. Kikipotea, nitamlaumu aliyekufa bila kuniachia kingine."

Nikasikia kikigusa maji. Sikugeuka, ila nilimwona Nanjala kule ufuoni, mkono mdomoni. Mshipi haukuvutwa. Kwa mara ya kwanza haukuvutwa. Halafu Nanjala akashusha mkono, mbao zikatetemeka miguuni mwangu, na Mzee Gathogo akasimama.

Besi alitua juu ya gati, mnene, anapigapiga mkia. Alipojirusha, ndoana ikamchomoka, mshipi uliokwisha kukwaruzwa na nguzo ukakatika, na kijiko kikarukia majini. Makokha hakumtazama hata samaki. Alisimama anatazama maji.

"Nguzo," nikasema, "mwambie amshike samaki kabla hajakifuata kijiko."

Akamshika. Mzee Gathogo akampima, akasema nafasi ni ya Makokha. Tangu siku ile, mvuvi mpya akianza kuvutavuta ovyo, mzee yule humwambia maneno niliyoiambia nguzo, na kutoka gatini yakaenea hadi sokoni na majumbani.

Watu husema niliyasema kwa ajili ya Makokha, nami huwaacha waseme. Lakini leo mmeuliza, basi nitawaambia. Kijiko alikivuta yeye, na yeye nilimvuta mimi. Siku tatu sikumpa hata dakika moja ya kunionyesha yeye ni mtu wa namna gani, na kidogo tu nimpoteze, nimpoteze na mwanangu. Kijiko huvua kikizama.