Chumvi ya Ng'ambo

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri, aliyeshiba na mwenye njaa!

Tumekaa, tupe ngano!

Hapo zamani za kale, Simba alitawala upande huu wa mto, na Kiboko alitawala ng'ambo. Kwa Simba kulikuwa na mtama. Kwa Kiboko kulikuwa na chumvi. Nguchiro, mama wa watoto wengi, alikuwa akivusha mtama na kurudi na chumvi. Chumvi aliiuza, akawanunulia wanawe nyama, maana nguchiro hawali mtama.

Siku moja Simba alikwenda mtoni kunywa maji. Kiboko akapunga mkia, mavi yakamrukia mfalme shavuni. Lo! Simba akanguruma, "Ni marufuku kufanya biashara na Kiboko! Nitamkomoa!"

Akamweka Fisi kivukoni awe mlinzi. Jamani, nani humpa fisi bucha alinde?

Mtama wa Nguchiro ukaoza kibandani. Akaenda kwa mfalme.

"Bwana wangu, wanangu wana njaa."

"Vumilia. Namkomoa Kiboko."

Mwezi ukapita. Akaenda tena.

"Bwana wangu, wanangu wamekonda, hata kutembea hawawezi."

"Vumilia. Namkomoa Kiboko."

Nguchiro akaenda kuchungulia ng'ambo. Akamwona Kiboko amenenepa, anatafuna mtama! Nani alimpelekea? Fisi huyo huyo! Na chumvi aliyorudi nayo aliiuza kwa bei ya kuruka, hata jikoni kwa mfalme.

Nguchiro akapandwa na hasira, lakini hakulia. Mara ya tatu akaenda na chungu chake.

"Bwana wangu, leo nitakupikia mimi."

Akachukua nyama iliyonona jikoni kwa mfalme, akaipika. Simba akatia pande kinywani, akalitema. "Ptuu! Nani kaniharibia nyama?"

"Amri yako, Bwana wangu. Sikutia chumvi, maana chumvi yote hutoka kwa Kiboko."

"Mbona kila siku naila?"

"Muulize mlinzi wako, anayemnenepesha Kiboko kwa mtama na kukuuzia chumvi yake."

Wote waliokuwapo wakamgeukia Fisi, aliyekuja kufuata harufu ya nyama. Fisi akajaribu kucheka, kicheko kikamkauka. Simba akamtandika, akamfukuza nchini.

Kisha Simba akaitazama ile nyama, akaona aibu. "Kiboko amenenepa, Fisi ametajirika. Kumbe niliyemkomoa ni nani?"

"Wanangu, Bwana wangu," akasema Nguchiro.

Siku ile ile kivuko kikafunguliwa, na Nguchiro akawa wa kwanza kuvuka, mtama mpya kichwani.

Basi wenzangu, ukimfungia jirani mlango, jua nawe umejifungia ndani. Na watakaolala njaa kwanza ni watoto.

Ngano yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie mwenyewe.