Pua ya Pijo la Mzee Edmund

Mlafi anayelifudikiza buyu la asali mdomoni huonekana mapema, akanyang'anywa. Wa kuogopwa ni yule apitaye na kidole kimoja, akachovya, akalamba, akaenda zake, kisha akakumbuka utamu na kurudi. Kila safari huchukua kidogo tu, wala hasemi uongo. Lakini siku mgeni akibisha hodi, buyu hugongwa likalia tupu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Oswald aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Tatizo ni kwamba methali haiji na jina lake kifuani.

Oswald alikuwa fundi redio mtaa wa Majengo, mjini Songea. Alikuwa mdadisi asiyeweza kuona kifuniko asikifunue. "Hebu tuone," ndilo lilikuwa neno lake, na kwa neno hilo alikuwa amefufua redio nyingi na kuua chache.

Marehemu baba yake, Mzee Edmund, alikuwa amemwachia Pijo la zamani, rangi ya maziwa, ambalo injini yake bado ilinguruma kwa adabu. Lilikuwa na kasoro moja: pua yake ilitazama juu, kama mtu anayenusa mvua. Enzi zake mzee alikuwa akienda Madaba kununua mahindi, na kwa kuogopa matope ya masika aliweka mbele springi ndefu za pikapu. Mzee aliondoka duniani, springi zikabaki.

Sasa mdogo wake Oswald, Emerensiana, alikuwa anaolewa Jumamosi. Hakuomba msafara wala gari la kukodi.

"Kaka, baba hayupo wa kunishika mkono," alisema akitazama vidole vyake. "Naomba tu nifike kanisani ndani ya gari lake."

"Utafika, mdogo wangu. Tena utafika kama malkia."

Ahadi hiyo ingetosha. Gari lilikuwa linatembea, kiti cha nyuma kilikuwa kizima. Lakini jioni ile Oswald alisimama mbele ya picha ya harusi ya wazazi wake iliyotundikwa sebuleni. Pijo lile lile lilikuwa nyuma yao, limekaa sawasawa kama sinia la chai. Udadisi ukamwasha. Je, likirudishwa vile, litapendeza kiasi gani?

Alhamisi asubuhi alilipeleka gereji kwa rafiki yake Chande.

"Unataka kuliinamisha?" Chande aliuliza huku akilizunguka. "Dawa ipo. Tunatoa springi, tunakata pete moja kila upande, tunarudisha. Ila nisikilize vizuri. Springi si mgomba, ukiikata haichipui."

"Pete moja tu. Hebu tuone."

Gari likapandishwa kwenye jeki, springi zikatolewa, cheche za msumeno wa umeme zikaruka. Springi ziliporudishwa na gari kushushwa chini, wote wawili walichuchumaa. Chande akapima kwa vidole nafasi iliyo kati ya tairi na madigadi, kama alivyofundishwa na mafundi waliomtangulia.

"Limeshuka," alisema.

"Limeshuka nini? Bado linanusa!"

"Ndugu yangu, gari likitoka kwenye jeki husimama kwa kiburi. Lizungushe mjini, lipite matuta, springi zikae. Nalo lilale na uzito wake. Kesho nikitoka kuswali Ijumaa uje tupime tena."

Oswald alilizunguka gari, akalitazama kwa jicho moja, akarudi.

"Nusu pete, Chande. Nusu pete ni kitu gani?"

"Nimekwambia kesho."

"Wewe mwenyewe hutaki kuona?"

Hapo alikuwa amemgusa penye kidonda. Chande naye alikuwa mtu wa kupenda kuona. Alijikuna kisogo, akatazama kushoto na kulia kana kwamba mwalimu wake wa ufundi angetokea, kisha akavuta jeki.

Nusu pete ikaondoka. Sasa upande wa kulia ulionekana kuwa juu kidogo kuliko wa kushoto. Wakakata robo upande wa kulia. Loo! Wa kushoto nao ukaonekana umeinuka. Wakakata robo ya kushoto. Ikawa kama kinyozi anayesawazisha ndevu za bwana harusi: anapunguza huku, anapunguza kule, mpaka kidevu kinabaki kinang'aa.

"Basi! Usiguse tena!" Oswald alipaza sauti. Pijo lilikuwa limekaa sawasawa na lile la pichani. Machozi yalimlengalenga. "Unaona, Chande? Ni kama baba atatoka ndani sasa hivi."

"Limependeza, wallahi," Chande alikiri. "Lakini kesho ulilete."

Kesho yake hakulipeleka. Aliliosha, akalifunga maua, na Bi Odilia, mama yake, akatandika kitambaa cheupe kiti cha nyuma. Alikuwa amekipiga pasi mwenyewe. Njiani kutoka gereji, kila lilipopita tuta Oswald alikuwa amesikia mkwaruzo, khrr, chini ya madigadi. Alijiambia ni jiwe.

Jumamosi, nyumbani kwao Matogoro, mama alikaa mbele, bibi harusi na msimamizi wake wakakaa nyuma. Springi zilikuwa zimekwisha kukaa. Gari liliinama mbele ya watu wote, taratibu, mpaka tairi zikajificha ndani ya madigadi.

"Kaka," Emerensiana alisema kutoka kwenye shela, "mbona gari limepiga magoti kabla hatujafika kanisani?"

Watu wakacheka, naye Oswald akacheka kwa meno tu. Alipokata kona ya kutokea barabarani, tairi lilisaga bati kwa kilio kirefu. Harufu ya mpira ulioungua ikajaa ndani.

"Simamisha!" Bi Odilia aliamuru. Aliteremka, akainama, akagusa tairi na kuondoa mkono haraka. "Mwanangu hapandi kitu hiki. Tairi likipasuka je? Nimekwisha kumzika baba yenu."

"Mama, nitaendesha polepole..."

"Nimesema, baba."

Oswald alimpigia Chande. "Springi nyingine zipo?"

"Za kuagiza, ndugu yangu. Za leo hakuna."

Bajaji ikaitwa. Watu walipoteremka Pijo liliinuka kidogo, likaweza kutembea likiwa tupu. Bi Odilia akakinyoosha tena kitambaa cheupe, na Oswald akatangulia nalo peke yake, polepole, na maua yake.

Kanisani akina mama walipoliona walipiga vigelegele na kutandaza khanga chini. Mpambe mmoja alikimbia, akafungua mlango wa nyuma, akainama kwa heshima. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe kisicho na kunjo hata moja.

Vigelegele vikakatika. "Bibi harusi yuko wapi?"

Oswald aligeuka kutazama barabarani, ambako bajaji ilikuwa inakuja, gauni jeupe limefurika pande zote mbili kama maziwa yaliyochemka.

Emerensiana aliteremka. Kabla ya kumwendea bwana harusi, alikwenda kwenye Pijo, akaweka kiganja juu ya kiti kile kitupu, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akaufunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Usilie, kaka," alinong'ona. "Ulikata kiasi gani?"

"Kidogo," Oswald alisema. "Kila mara kidogo tu."

Wahenga hawakukosea: chovya chovya humaliza buyu la asali.