Viganja vya Ngiri

Tena mimi. Watu wazima mmejaa hapa, wenye ndimi zenu, na bado mnamtaka bibi. Mgongo unaniuma. Kuni mmeleta mbichi, moshi wote unakuja upande wangu. Haya. Nitasema mara moja, na atakayesinzia asiniombe nirudie.

Ngano ipo mlangoni!

— Ifungulie iingie!

Ina miguu?

— Ina miguu, haina viatu!

Basi na ikae.

Hapo kale, bibi yake bibi yangu hajaota hata jino, wanyama wa Mbugani walikuwa na baraza lao. Mwenyekiti alikuwa Korongo, kwa sababu aliweza kusimama muda mrefu bila kuchoka. Msimamizi wa maji alikuwa Ngiri. Ngiri wa siku hizo alitembea kifua mbele, ana viganja kama vyako wewe unayejikuna.

Baraza lile lilikuwa na desturi. Kabla jambo halijasemwa, Korongo huuliza: "Nani ana mkono katika chungu hiki?" Mwenye faida yake ndani ya jambo huinuka, hutoka nje, hukaa juu ya kinu mpaka wenzake wamalize kuamua. Asiye na faida huonyesha viganja na kusema: "Wangu mkavu." Kutoka hakukuwa aibu. Twiga alitoka siku ya kugawa miti. Fisi alitoka siku ya kesi ya mbuzi, akatoka anacheka.

Sasa, bondeni palikuwa na chemchemi. Ilikuwa ya wote. Mwaka mmoja wa kiangazi Ngiri akaizungushia uzio wa miti, na walipomuuliza, akasema chemchemi sasa ni ya shemeji yake, Nguchiro. Msiniulize ngiri na nguchiro walioanaje. Walioana.

Baraza la kwanza, Ngiri alileta neno: kisima cha Mama Kanga kifukiwe, kina wadudu. Korongo akauliza nani ana mkono. Ngiri akainua viganja. "Wangu mkavu." Kisima kikafukiwa.

Baraza la pili, akaleta neno: njia ya kwenda chemchemi ifyekwe kwa msaragambo, kila nyumba itoe mtu. Korongo akauliza. "Wangu mkavu." Njia ikafyekwa.

Baraza la tatu, akaleta neno: kila achotaye aache kikapu cha mtama langoni, wa kumlipa mwenye chemchemi. Korongo akauliza. "Wangu mkavu." Mtama ukamiminika.

Ngiri akanenepa. Nguchiro akabaki vilevile, mbavu nje. Mliangalia hapo? Na wao waliangalia. Walijua wote. Ila kila mmoja alimngoja mwenzake aseme, na mwenye nguvu mpishe.

Mama Kanga alikuwa mjane mwenye vifaranga tisa. Kisima hana, na mtama ulimwishia mapema. Akaenda langoni na kibuyu kitupu. Ngiri akamwambia sheria si yake, ni ya baraza.

"Na mtama ni wa nani?" Kanga akauliza.

"Wa shemeji."

"Shemeji yako mbona amekonda?"

"Ndiyo umbo lake, mama."

Kanga akarudi na kibuyu chake kitupu. Siku ile akafa kifaranga mmoja kwa kiu. Siku ya pili akafa mwingine. Wakabaki saba. Sisemi ili mlie. Nasema walibaki saba.

Siku ya tatu lilikuwa baraza la nne. Kanga akaomba nafasi, akasema ana jambo dogo. Chemchemi ile haina mwenyewe. Anaomba uzio ung'olewe, iwe ya wote kama zamani, kila mtu achote bila kikapu.

Korongo akauliza: "Nani ana mkono katika chungu hiki?"

Viganja vikainuka. Twiga mkavu, Pundamilia mkavu, hata Fisi mkavu. Ngiri akamtazama Nguchiro, akakohoa. Nguchiro akajikuna mbavu. Akakohoa tena. Akakohoa mara ya tatu, mpaka machozi.

"Shemeji, unaumiza kifua bure," Nguchiro akasema. "Umelitumia jina langu, maji hujanipa. Mimi mwenyewe nikichota naacha kikapu. Wangu mkavu."

Akabaki Ngiri peke yake.

"Baba Ngiri, tunakungoja," Kanga akasema. "Kama una mkono, kinu kiko nje, nenda ukakalie. Ila kwanza utuambie, zile mara tatu ulikuwa umekaa wapi."

Mnaona alivyobanwa? Akisema anao, amejishitaki kwa yale mabaraza matatu. Akisema hana, chemchemi imekwenda. Jasho likamtoka mpaka kwenye meno. Mwisho akaviinua, polepole.

"Wangu mkavu."

"Basi imepita," Korongo akasema. "Kaung'oeni."

Na ingeishia hapo, jamani. Angerudi kwake na tumbo lake, amepoteza chemchemi, hajapoteza jina. Lakini mroho hata akitapika hugeuka kuangalia kilichotoka. Watu wanainuka kwenda bondeni, Ngiri akawaita kwa nyuma.

"Mng'oe taratibu. Ile miti mniwekee pembeni."

Korongo alikuwa amesimama mguu mmoja. Akashusha wa pili.

"Miti ya nani?"

"Ya uzio."

"Miti ya nani, Ngiri?"

"Ya shemeji."

"Mimi sina hata shoka," Nguchiro akasema.

"Nauliza mara ya tatu. Miti ya nani?"

Ngiri akainamisha kichwa. "Yangu."

Wakaketi tena. Ngiri akatolewa nje, safari hii akakikalia kinu. Fisi akapendekeza mkosaji aliwe. Akaambiwa naye atoke, ana mkono. Ngiri akapiga kelele toka nje kwamba atarudisha mtama wote. Wakaupokea. Kisha wakamuuliza Kanga anataka nini zaidi. Vifaranga wawili hawakuwa na wa kuwarudisha, naye hakuwaomba.

"Viganja vile," akasema. "Nisivione tena vikiinuliwa."

Baraza likaamua. Ngiri akunje mikono, viganja vitazame nyuma, na kila atakapokula, hata jani moja, ale akiwa amepiga magoti mbele ya watu.

Kamwangalieni malishoni. Hawezi kula akiwa amesimama. Hukunja mikono, huinama, huburuta magoti toka jani hili hadi lile, mpaka ngozi imeota sugu. Na watoto wake, ambao hawakukaa baraza lolote wala kumdanganya mtu, nao huzaliwa na sugu hizo.

Ngano imekula, imenawa, imeondoka. Aliyeshiba alale, aliyebaki na njaa akapike kwake.