Kiwete Aliyecheza Siku ya Pasaka

Hapo zamani, na watu wa zamani hiyo walikuwa kama sisi tu, aliishi Mwadime, kiwete wa mlangoni pa kanisa. Ndivyo alivyojulikana. Lakini miguu yake ilikuwa mizima kama ya mbuzi wa mlimani. Alianza uongo ule mwaka wa njaa ili apewe chakula, na njaa ilipokwisha akaona haya kusimama. Miaka saba ikapita.

Kila asubuhi Mkamburi, mjane aliyemzika mwanawe wa pekee, alimletea uji. Siku moja alfajiri alimwona akiruka mfereji. Kesho yake akamletea uji tena, na katika sala zake akamtaja.

Kila Jumapili Mghenyi, mpiga kengele, alimbeba mgongoni mpaka kiti cha mbele. Yeye hakujua lolote. Alilalamika tu kwamba kiwete huyu anazidi kunenepa.

Ikaja Pasaka. Mzee Maghanga aliipiga ngoma mpaka wanakwaya wakasahau maneno. Mwadime naye akasahau. Alipozinduka alikuwa katikati ya kanisa, anacheza, na watu wote wanamtazama.

Akalia. "Mimi si kiwete," akasema. "Mimi ni mwongo, na nimechoka kuwa mtu yule."

Mghenyi alishika kiuno, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akainuka, akamkumbatia.

Mwadime akaomba ubatizo. Sasa, desturi ya kanisa lile ilikuwa hii: anayebatizwa mtoni hutolewa majini kwa mkono mmoja tu, wa mtu aliyemzaa katika imani. Huyo ndiye humpa jina jipya, na huwa mzazi wake maisha yote.

Siku ilipofika, Mwadime aliibuka majini akakuta mikono mitatu imenyooshwa.

"Niliujua uongo wako, nikakupenda nao," akasema Mkamburi. "Njoo, mwanangu."

"Mama, wewe ulijua," akasema Mghenyi. "Mimi nilidanganywa, mgongo huu ni shahidi, na nilimsamehe kabla hajaniomba."

Mzee Maghanga akawakumbusha kwa upole kwamba uji wa miaka saba haukumsimamisha, wala mgongo. "Mungu alimwita kwa ngoma," akasema. "Aliyeitika ndiye Mwadime wa kweli."

Mchungaji alikataa kuamua. Mwadime alitetemeka kwa baridi huku akicheka, maana hakuna aliyekuwa amewahi kumgombania. Ukingoni kwaya ilingoja kusikia jina ili ianze kuimba.

Haya, ndugu zangu, maji ni ya baridi na mtu bado yumo mtoni. Je, nani alistahili kumtoa?