Nundu ya Daraja la Sindile

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya sungura kuongea, ni zamani ya juzijuzi tu ambapo spika za harusi zilishakuwepo na majirani walishaacha kulala, palikuwa na mji unaitwa Sindile. Msiniulize uko wapi. Mkienda mtauharibu.

Mji ule ulikatwa katikati na Mto Lubuga. Huku Mjini, kule Ng'ambo. Na katikati lilikaa daraja la mawe, zee mpaka basi. Lilikuwa zee hivi: mto ulipozaliwa ulilikuta daraja limeshakaa, linausubiri. Mawe yake yalishikizwa kwa chokaa na mayai, na mpaka leo kuku wa Sindile wakipita pale wanainamisha kichwa, wanakumbuka wazazi wao. Mnacheka nini? Mimi nimesoma mpaka darasa la tano, na la sita si kwamba nilishindwa, lilinikimbia lenyewe. Ninachosema nakijua.

Sasa daraja lile lilikuwa na utamu na lilikuwa na uchungu.

Utamu wake harusi. Msichana wa Ng'ambo akiolewa Mjini lazima alivuke kwa miguu, juu ametandiwa kanga kama paa, wanawake wanaimba, spika inalia. Na akishakanyaga jiwe la kwanza, harudi nyuma. Hata hatua moja. Akirudi, ndoa imerudi: pilau linarudi jikoni, bwana harusi anarudi kwa mama yake. Kiatu kikimvuka mguuni kinaachwa hapohapo. Kuna mmoja alipiga chafya ikamsogeza nyuma kidogo, wazee wakakaa kikao mpaka mimba ya kwanza.

Uchungu wake wembamba. Lilijengwa kwa ajili ya punda, tena punda aliyefunga. Lori halipiti. Ambulensi haipiti. Na hospitali iko wapi? Mjini. Wajawazito wa Ng'ambo walikuwa wanasukumwa kwa mkokoteni, wanafika hospitali mtoto keshaanza kutambaa.

Basi Meya wa Sindile, bwana Ngwembe, mtu mwenye kitambi cha kutangulia na sauti ya kufuata, akatangaza: "Daraja linavunjwa. Hapohapo tunajenga jipya, pana, la zege!"

Mji ukapasuka. Hawa wanasema livunjwe, hawa wanasema thubutu. Kinyozi mmoja alimnyoa mteja nusu kichwa, wakafika kwenye habari ya daraja, akagoma kumalizia. Yule bwana alitembea na nusu kichwa mpaka Idi.

Mpango wote uliandaliwa na Injinia Kalunde. Mwanamke wa Ng'ambo, amesoma mpaka vitabu vikaomba poo. Watu wakamwendea: "Binti yetu, hata wewe? Historia yetu hii!"

Akawajibu: "Historia ni mimi. Mama yangu alinizaa juu ya daraja lile, kwenye pikapu iliyokwama, katikati ya mbuzi wa mnadani. Mbuzi ndio waliokuwa wakunga. Sitaki mwanamke mwingine azae akitazamwa na beberu."

Watu wakaondoka mmoja mmoja.

Siku ya kuvunja ikafika. Sasa sikilizeni kosa. Meya alichagua Jumamosi, tena Jumamosi baada ya mavuno, eti watu wawe wamepumzika. Jamani! Jumamosi baada ya mavuno Sindile hapumziki hata paka. Kila nyumba ina harusi, na isiyo na harusi imealikwa mbili.

Asubuhi katapila likaja upande wa Mjini. Dereva wake Chilongola, bwana wa mikono minene, akikushika mkono unasahau jina lako. Akalisogeza katapila mpaka mdomoni mwa daraja, akainua lile bakuli la mbele, akagonga. Ukingo wa kulia ukaanguka mtoni, pwaaa! Samaki wakahama mtaa. Kisha akashuka kunywa chai.

Alipokuwa anakunywa chai, upande wa Ng'ambo vigelegele vikalia. Anakuja bibi harusi, Zamoyoni, msusi wa mikeka, mdogo wa mwili lakini kichwa chake kigumu kama kokwa ya embe. Anaolewa na Mshamu, fundi cherehani wa Mjini. Kanga juu, spika mbele, mashangazi nyuma, shangazi yake mkubwa Bi Kidawa ndiye anaongoza nyimbo. Sauti ya Bi Kidawa, akiimba huku, nguo zinakauka kule.

Wakaingia darajani. Wakafika katikati. Wakaona ukingo haupo. Wakaona katapila limeziba mbele.

Meya akapiga kelele: "Simameni! Rudini!"

Bi Kidawa akashika kiuno: "Turudi? Wewe Ngwembe, mama yako alirudi?"

Meya akakumbuka mila, akakuna kitambi. "Haya, dereva, sogeza katapila wapite. Wakishapita, vunja."

Chilongola akapanda, akawasha. Mashangazi wakashangilia. Upande wa Mjini Mshamu katika kanzu yake mpya anaruka kama mtu amekanyaga makaa: "Njoo mke wangu, njoo!"

Zamoyoni akafunua kanga. Akauliza, "Nikipita mnavunja?"

"Tunavunja."

"Basi sipiti."

Akakaa chini. Katikati ya daraja, na gauni lake jeupe, na hina yake mkononi. Kurudi hawezi, mbele hataki.

Mji mzima ukashika mdomo.

Mshamu akalia: "Zamoyoni! Pilau linakauka!"

"Lifunike!"

"Na mimi je?"

"Wewe pia jifunike, jua kali!"

Mnacheka, lakini msicheke sana. Mama yake Mshamu alikuwa palepale, mwanamke asiyependa utani. Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mwanangu, jua likizama huyu hajafika, shehe anakwenda zake na wewe nakutafutia mwingine. Kuna binti wa mwenye duka la mchele, huyo hajawahi kukaa barabarani." Zamoyoni alisikia. Machozi yalimtoka, wanja ukashuka mpaka kidevuni. Lakini makalio hayakunyanyuka jiweni.

Meya akachemka. "Dereva! Wasogelee pole pole. Wataogopa wenyewe."

Chilongola akatazama mbele. Akamwona bibi harusi ameketi. Akazima katapila. Akachomoa ufunguo.

"Unafanya nini?" Meya anauliza.

"Mheshimiwa, mimi mke wangu alivuka hapa. Alivaa viatu vya kuazima, kimoja kikamvuka, akavuka na kimoja akichechemea, na mimi nikampenda kwa kule kuchechemea mpaka leo. Nimevunja ukingo asubuhi nikadhani ni mawe. Kumbe ni watu."

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze nikiwa mwepesi," akasema, akautupa ufunguo mtoni. Nasikia kambare aliyeumeza mpaka leo akikasirika ananguruma kama injini.

Hapo sasa mambo yakawa matamu na mabaya pamoja. Katapila haliendi mbele, halirudi nyuma. Bibi harusi haendi mbele, harudi nyuma. Jua nalo linakwenda mbele tu, halina mila.

Meya akacheka. "Vizuri! Ufunguo mwingine unakuja kesho. Kesho navunja. Na harusi yenu ndiyo imekufa leo."

Ndipo Injinia Kalunde akavua viatu, akapanda juu ya katapila, akashukia upande wa pili, akamfuata Zamoyoni.

"Mdogo wangu, unajua hapo ulipokaa ndipo nilipozaliwa?"

"Najua, dada. Ndiyo maana nimekaa. Nimekikalia kitovu chako kisivunjwe."

"Ambulensi ipite wapi?"

"Wewe ndiye umesoma, unaniuliza mimi wa mikeka? Hakuna mahali pengine popote?"

Kalunde akageuka kutazama juu, mto unapopinda. Akatazama mpaka Bi Kidawa akaacha kuimba, na Bi Kidawa akiacha kuimba ujue dunia imesimama. Kisha akamwambia kijana wa spika: "Nipe hicho kipaza sauti."

Akasema, na mji wote ukasikia, Mjini na Ng'ambo: "Mahali pengine papo. Mwamba mzuri kuliko huu upo pale juu, mto unapopinda. Nilipapima mwanzo kabisa. Lakini njia ya kwenda pale inapita katikati ya shamba la migomba la Meya. Akaniambia nisahau, nikasahau. Niliogopa kazi yangu. Leo nimekumbuka."

Mamaa! Watu wote shingo zikageuka kumtazama Meya. Yaani upepo wa shingo zile peke yake ulimvua kofia.

"Ile ni migomba ya marehemu baba!" Meya anajitetea.

Bi Kidawa akachukua kipaza sauti: "Ngwembe mwanangu, baba yako alimvusha mama yako hapa. Bila daraja hili ungekuwa hata ndizi hujaiona!"

Watu wakacheka, wakacheka, mpaka Meya mwenyewe kitambi kikaanza kutikisika, kikamshinda, akacheka. Na mtu akishacheka hadharani hawezi tena kuwa mkali, mmejaribu? Akainua mikono: "Haya! Haya! Njia ipite migombani. Hili libaki la miguu na la harusi. Nimesema!"

Jua limebaki kipande cha sahani. Zamoyoni akasimama. Lakini apite wapi? Katapila limeziba. Wanawake wakavua kanga, wakalitandika katapila lote, mpaka likapendeza likataka kuolewa lenyewe. Chilongola akapiga goti, Zamoyoni akakanyaga goti lile, akapanda, akaingia mlango wa huku wa dereva, akatokea mlango wa kule, akamwangukia Mshamu kifuani. Shehe alikuwa ameshavaa kiatu kimoja cha kuondokea, akakivua. Ndoa ikafungwa. Mama mkwe akapiga kigelegele cha kwanza, akajifanya hakusema lolote. Pilau lilikuwa limekauka, watu wakagombea ukoko.

Siku zikaenda. Daraja jipya likajengwa pale mto unapopinda, ambulensi ikapita, na kitoto cha kwanza cha Ng'ambo kikazaliwa hospitali, juu ya kitanda, bila beberu. Daraja la zamani likatengenezwa ukingo wake. Siku ya kulifungua tena ikaitishwa karamu kubwa. Mimi nilikula pale mpaka mkanda wangu ukaomba kuhamishwa.

Sasa mila nyingine. Sindile mtoto akiugua mpaka watu wakaanza kunong'ona, kisha akapona, anapewa jina jipya. Wazee wakasema, daraja limehukumiwa kufa likapona, lipewe jina. Na jina linatolewa hivi: anachinjwa ng'ombe dume, ile nundu yake ya mgongoni inabanikwa nzima, anapewa mtu mmoja. Atakayekula nundu, daraja linaitwa kwa jina lake. Nundu haigawanywi. Ni moja, na jina ni moja.

Nundu ikatoka motoni, inadondosha mafuta, harufu yake ilimwamsha mgonjwa hospitali akaomba ruhusa. Mchinjaji akauliza, "Nimpe nani?"

Zamoyoni akasimama, tumbo lake sasa limetangulia. "Nipeni mimi. Bila mimi kukaa, lingevunjwa. Wengine walihatarisha kazi, mimi nilihatarisha mume. Kazi unapata nyingine. Mshamu ni mmoja."

Mama mkwe akakohoa. "Na kama mwanangu angekosa mke kwa ajili ya mawe? Ulimuuliza?"

Chilongola akasimama. "Nipeni mimi. Bila mimi kutupa ufunguo, bibi harusi angekaa na katapila lingefika. Yeye alikaa akapata mume, mimi nilisimama nikakosa kazi. Nimebeba mawe ya ukingo huu kwa kichwa."

Bi Kidawa akadakia: "Mawe uliyoyaangusha wewe mwenyewe! Mbona hilo umelimeza kavu?"

Injinia Kalunde akasimama. "Nipeni mimi. Bila mimi kusema, mngekaa mpaka kesho ufunguo mwingine uje. Hawa wawili walilichelewesha lisife, mimi ndiye niliyelipa uhai. Na wajawazito wanaopita kule juu, wanapita kwa sababu ya nani?"

Zamoyoni akamwambia, "Dada, lakini ulijua tangu mwanzo. Ungesema mwanzo, mimi nisingelia siku ya harusi yangu."

Na Meya je? Eti naye akasimama! "Jamani, na mimi? Migomba ya baba ilikatwa yote. Bila ardhi yangu, maneno yao wote watatu ni upepo." Watu wakamzomea. Lakini baada ya kuzomea wakaanza kutazamana, maana njia ya daraja jipya kweli inapita kwenye shamba lake.

Kelele zikaanza. Mjini wanamtaka huyu, Ng'ambo wanamtaka yule, yule kinyozi ameshika wembe, mteja amekimbia. Mchinjaji amesimama, sinia mkononi, nundu inapoa, mafuta yanaanza kuganda, na mbwa watatu wamekaa mstari wanasubiri uamuzi kwa adabu kuliko watu.

Mimi ningeamua pale pale, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Kwa hiyo nawatupia nyinyi mliokaa mkinitolea macho. Aliyekaa chini akakataa kupita, aliyebomoa kisha akatupa ufunguo, aliyeficha kisha akasema, na aliyelazimishwa kisha akatoa migomba ya baba yake: mchinjaji huyo anakuja kwenu na sinia. Je, nundu mnampa nani, na daraja tuliite la nani?