Makaburi Mawili Yaliyobaki

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilisema hivyo jana, wanangu, redio ilipotangaza kwamba wakubwa bado wanabishana iwapo mapigano ya Waisraeli na Wapalestina yasimamishwe au yaendelee. Mkaniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Mama mkwe wangu alinisimulia kwamba yalizaliwa hivi.

Vijiji viwili, Mlimani na Ng'ambo, viligombea bonde moja, na kila kimoja kilikuwa na makaburi ya mababu zake humo. Asubuhi moja watu wa Ng'ambo walivamia soko la Mlimani, wakaua, wakateka watu tisa. Watu wa Mlimani walijibu kwa kuchoma nyumba na kuziba mfereji uliopeleka maji Ng'ambo, hata watoto wa Ng'ambo wakawa wanalamba umande wa majani. Kwa mwezi mzima, mbwa akibweka tu, kina mama wa pande zote mbili walikumbatia watoto na kuzima moto.

Desturi yao ilikuwa mbaya: mapigano hayakusimamishwa mpaka makaburi ya waliouawa pande mbili yalingane idadi. Aliyeomba yasimamishwe kabla ya hapo aliitwa mwoga, na ukoo wake ulinyimwa wachumba.

Wazee wa Mlimani walipokutana, mkuu wao, Mzee Mbonea, alisema, "Ng'ambo wamepungukiwa makaburi mawili wafikie yetu. Kesho tutayatimiza."

Nakijwa, ambaye binti yake Senzia alikuwa miongoni mwa waliotekwa, aliingia bila kuitwa.

"Shikamoo, baba. Nitajie majina ya hao wawili."

"Majina? Ni watu wa Ng'ambo tu."

"Wana majina, baba. Nao wakizikwa, wenzao watalipiza kwa aliye karibu. Aliye karibu nao ni Senzia wangu."

Kijana mmoja alicheka. "Mama, kama unaogopa, rudi jikoni ukafunike chungu!"

"Ninaogopa, ndiyo. Wewe huogopi kwa sababu aliyefungwa kule si mama yako."

Mzee Mbonea akasema taratibu, "Tukiacha kupigana, watanoa mishale. Bonde hawatatuachia. Shari itabaki palepale."

"Najua, baba. Sikuja kuomba amani, maana hamna ya kunipa. Nipeni nusu ya shari. Katika hiyo nusu, mtoto anaweza kupita akiwa hai."

Mzee Mbonea akaamuru mapigano yasimame na mfereji ufunguliwe kwa siku tatu, na mjumbe apelekwe Ng'ambo kuomba mateka warudishwe.

Siku ya pili mateka walivuka bonde. Sita walitembea, watatu walibebwa wamefunikwa shuka. Nakijwa aliwatazama wa shuka kwanza, akitafuta miguu ya bintiye, kabla hajathubutu kuinua macho. Senzia alikuwa amesimama, midomo imepasuka.

Siku ya nne ilipopambazuka, wanaume walisimama kila upande na pinde mikononi. Bonde lilikuwa bado halina mwenyewe. Hakuna aliyejua nani angeanza, na hakuna aliyeanza. Mzee Mbonea, ambaye hakupenda kushindwa, alimwambia yule kijana aliyemcheka Nakijwa ashushe upinde wake, akasema kwa sauti ya uchovu: heri nusu shari kuliko shari kamili.